Nabeba masomo mawili, niliyoyapenda matatu. Niache lipi?

Binti Chumbageni
Shikamooni wakubwa, rika langu, mambo?

Niko Houston, huu mwaka wa sita. Nahudumia wazee, zamu ya usiku, saa moja hadi saa moja. Muhula ujao naanza chuo cha jamii, na kwa hali ya mfuko na usingizi wangu nabeba masomo mawili, la tatu litaniua.

La kwanza ni serikali ya Marekani. Kulipenda ni kusema tu: hapa Texas bila krediti 6 (pointi za uzito wa masomo) za somo la serikali hupati digrii ya chuo cha umma, na lazima usome katiba ya nchi na ya jimbo pia.

La pili ni picha za kidijitali. Nina picha ya marehemu mama aliyopigwa studio Tanga kabla sijazaliwa, kaegemea kimeza chenye maua ya plastiki. Ilikaa imekunjwa ndani ya pasipoti miaka mingi. Kunjo limepita juu ya jicho la kushoto, rangi imebanduka, pamebaki weupe. Nataka kulirudisha lile jicho kwa mkono wangu, sitaki kumpa mtu.

La tatu mtacheka. Kigiriki cha kale. Nilipokiona kwenye orodha nikamkumbuka mwalimu wetu wa historia. Alitusimulia habari za mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, karibu miaka 2000 iliyopita, juu ya pwani yetu: bandari ya Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa. Tangu siku ile natamani kuyasoma maneno yake mwenyewe. Dada yangu kaniuliza, "Umevuka bahari kusoma lugha ya maiti?"

Dereva wa Alfajiri
Mdogo wangu, bili ya umeme ya mwezi wa nane hapo Houston unaijua. Kigiriki utamuuzia nani? Mimi serikali ya Texas niliisoma, na nilichoondoka nacho ni kwamba bunge la jimbo hukaa siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili. Mimi naamka saa kumi kila siku.

Mpiga Picha za Harusi
Dada, pole kwa mama. Hilo somo la picha ndilo linalonilisha wikendi, kwa hiyo sina haki ya kukuamulia. Ila kabla hata hujasajiliwa, usiipige ile picha kwa simu. Iskani, pikseli 600 kwa inchi au zaidi, uhifadhi kwa TIFF. JPEG kila ukihariri na kuhifadhi upya inatupa kitu. Kazi yote fanya kwenye leya mpya, yaani tabaka linalolala juu ya picha, ya asili usiiguse.

Sasa jicho. Mvivu atanakili la kulia, aligeuze, alibandike. Usikubali. Macho ya mtu hayalingani, na taa ya studio ilikuwa upande mmoja. Kile kidoa cheupe kwenye mboni kikihamia upande wa pili, uso mzima unakataa na mama anakutazama kama mgeni. Tafuta picha yake nyingine, hata ya uzeeni, uone kope la kushoto lilivyokaa.

Watakufundisha pia histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, ndiyo maana bi harusi wetu akivaa shela jeupe uso unazama gizani. Nilikuwa nalaumu lenzi, kumbe mjinga mimi.

Mseminari wa Zamani, Bukoba
Mwanangu, huyo mfanyabiashara hakuandika kama wanafalsafa wa Athens. Aliandika koine, Kigiriki cha sokoni, ndugu yake kile cha Agano Jipya nilichosomeshwa seminari. Muulize mwalimu anaanzia kipi. Hata akianza na cha Athens, kushukia koine si kazi.

Wala usitishike. *Luo*, nafungua, *luomen*, tunafungua: mtendaji yumo ndani ya kitenzi kama kwetu, ila wao wanamweka mkiani. Wakati uliopita wanatanguliza e: *elusa*, nilifungua. Nomino zina jinsia tatu, na vivumishi lazima vifuate. Watu wanatokwa jasho hapo. Wewe uliyelelewa na ngeli utauliza, tatu tu?

Na Rhapta imetoka kwenye *rhapto*, nashona. Mwandishi mwenyewe anasema bandari iliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vya kushonwa. Mabibi na mababu wa mtepe, chombo chetu cha kushonwa, hao! Hata "karatasi" tuliipata kwa Waarabu, nao qirtas yao ilitoka kwenye *khartes* ya Kigiriki. Mwambie dada yako maiti huyo yumo kwenye daftari lake.

Mama Krediti
Mbona mnamzungusha mtoto wa watu? Hilo somo la serikali ya Marekani lina mtihani wa CLEP, maswali kama 100 kwa dakika 90. Jisomee mwenyewe, ukifaulu kwa alama wanazotaka chuoni kwako krediti unapewa bila kukaa darasani. Ya Texas ndiyo haina mtihani huo, hiyo utaikalia muhula mwingine. Nafasi yako hiyo imefunguka.

Lakini kama unasomeshwa kwa msaada wa serikali, msaada unahesabu masomo yaliyomo kwenye programu yako tu. Usisajili Kigiriki kabla mshauri hajakuonyesha kinaingia wapi.

Binti Chumbageni
Ahsanteni sana. Nimeongea na mshauri, Kigiriki kinaingia kama somo la hiari. Kipindi ni saa tatu asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu masaa mawili kabla. Kaka dereva, niombee. CLEP nitafanya mwezi wa kwanza.

Mjomba kapekua sanduku, kanitumia kitambulisho cha mama cha kupigia kura. Kope la kushoto limelegea kidogo. Miaka yote ile sikuwahi kuliona.