Pandemic: unamsaidiaje mwenzako bila kumchezea zamu yake?

KeteNne:
Wakuu, kwenye michezo ya ushirikiano kama Pandemic (mchezo wa mezani wa kupambana na magonjwa yanayosambaa mijini), ambapo meza nzima inashinda au inafungwa pamoja, anayeujua mchezo zaidi huishia kuwaamulia wenzake. "Nenda pale, safisha, kaa hapo nikufuate." Waliobaki wanasogeza vipande tu. Lakini akinyamaza kabisa, mgeni anafanya kosa moja na wote chali. Mpaka wa kusema na kunyamaza ni upi? Naomba utaratibu wa kufuata mezani, si "muheshimiane" tu. Na je, ni kweli dawa ni kuhamia Hanabi, mchezo wa karata ambao unaona za wenzako lakini si zako?

TurufuMkononi:
Mkuu, anza na kanuni zenyewe, maana watu huziruka. Ili karata ya mji ihame mkono, mtoaji na mpokeaji lazima wawe mji mmoja, karata iwe ya mji huohuo (mwenye nafasi ya Mtafiti ndiye pekee anayetoa ya mji wowote), na wote wawili wakubali. Hata yule mwenye uwezo wa kusogeza vipande vya wengine hakigusi cha mtu mpaka mwenyewe aridhie. Kwa hiyo kuombana ruhusa ni sehemu ya mchezo, si ustaarabu wa hiari.

Utaratibu: mwenye zamu anatangaza kwanza anachotaka kufanya na vitendo vyake vinne, kabla mwingine hajafungua mdomo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, ushauri unatangulia na mtu hapati hata nafasi ya kufikiri. Akishasema, wenzake wanampa taarifa, hawampi amri. "Nenda Cairo" ni amri. "Cairo ina kete tatu za ugonjwa na karata yake ya maambukizi imerudishwa juu ya lundo" ni taarifa, na uamuzi unabaki kwake. Akishaamua, mjadala umefungwa. Akitaka kubadili, mruhusuni mradi hajavuta karata. Akishavuta, basi.

HesabuKwanza:
Taarifa nayo iwe na namba, la sivyo inageuka amri kwa sauti ya upole.

Mfano: watu wanne, karata ya kwanza ya janga (inayorudisha karata za maambukizi zilizotupwa juu ya lundo) imetoka zamu ya nne. Karata za maambukizi zilizotupwa ni 9 za mwanzo, 6 za zamu tatu zilizopita, na moja iliyovutwa chini ya lundo. Jumla 16, zinachangwa na kurudi juu. Ule mji wa chini umewekewa kete 3, na karata yake imo humohumo. Uwezekano wa kulipuka (karata ya mji kutoka tena ukiwa tayari na kete 3) zamu hiyohiyo ni 2 kwa 16, na hakuna anayeweza kuuzuia kwa vitendo vya kawaida. Ukipona, anayefuata anakabili 2 kwa 14. Rundo la karata zilizotupwa anaruhusiwa kulipitia mtu yeyote, wakati wowote, kwa hiyo mpe mgeni kazi ya kulisoma kwa sauti. Kuanzia hapo ana neno la kusema mezani.

Jambo jingine la kumwambia mapema: kuondoa kete moja tu kati ya tatu kunatosha, karata hiyo ikitoka mji haulipuki. Wasio na nafasi ya Daktari (anayesafisha mji mzima kwa kitendo kimoja) huteketeza vitendo vitatu kusafisha mji mzima kumbe walihitaji kimoja.

Na mkumbushane saa. Kwa watu wanne na majanga 5, lundo la wachezaji lina karata 50, mbili kila zamu, yaani zamu 25 kwa meza nzima. Timu nyingi zinazima moto vizuri kisha zinaishiwa karata kabla ya dawa ya nne.

KeteNne:
Asante. Na mwenye zamu akikataa ushauri ambao ni sahihi?

TurufuMkononi:
Mwache. Isipokuwa hatua yake inaweza kumaliza mchezo kabla zamu nyingine haijafika: mlipuko wa nane, kete za rangi fulani kuisha (ziko 24 kila rangi), au lundo kuisha. Hapo sema waziwazi, mara moja, ukitaja ni kipi kati ya hivyo vitatu. Hasara ya kete mbili tatu haistahili kumnyang'anya mtu zamu.

Kidokezo8:
Kuhusu Hanabi: inamziba mdomo msemaji mkuu kwa sababu haoni karata zake mwenyewe, lakini haimfanyi mwenza mwema. Anahamia kwenye macho. Mtu anashika karata ya kutupa, yeye anavuta pumzi kwa nguvu. Huo ni udanganyifu hata kama hajakusudia. Kaeni uso mkavu.

Ustadi wenyewe uko kwenye matumizi ya vidokezo 8, yaani kumwambia mwenzako rangi au namba ya karata zake. Kubalianeni kabla ya kugawa: karata mpya inaingia kushoto, na isiyoguswa na kidokezo iliyo kulia kabisa ndiyo inayotupwa. Bila hilo, kila kutupa ni bahati nasibu. Kisha ulinzi: kila rangi ina 1 tatu, 2 hadi 4 mbilimbili, na 5 moja tu. Nakala ya kwanza ya 3 nyekundu ikishatupwa, iliyobaki ni ya kulindwa sawa na 5. Ukiiona kwenye nafasi ya kutupwa kwa mwenzako, mpe kidokezo sasa, hata kama ulikuwa na kingine kizuri zaidi.

Kosa la kawaida ni kumwambia mtu "hizi mbili ni za buluu" wakati moja tu ndiyo inayochezeka. Anacheza ile nyingine, na makosa matatu ndiyo mwisho. Kama namba inagusa karata moja na rangi inagusa mbili, taja namba.