Mrejesho: doa jeusi kwenye kisigino cha mama

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu doa la kisigino cha mama: kingo zimekatikakatika, weusi umechanganyika na kahawia, na linapanuka. Asanteni sana mliosisitiza asilichome wala kulipaka dawa za majani, awahi kwa daktari wa ngozi. Tulienda hospitali ya KCMC Moshi, wakakata kinyama wakakipima: melanoma, yaani saratani ya ngozi. Limeondolewa lote na ngozi ya pembeni, kidonda kinafunga taratibu. Ila tezi ya kinenani imekutwa na saratani, matibabu yanaendelea. Ule ushauri mwingine niliopewa hapa, wa kulipima doa kwa rula kwanza, ulituchelewesha tu. Kwetu watu weusi melanoma hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley, aliyefariki 1981, ilimwanzia kidole cha mguu. Wakagueni wazazi wenu nyayo, tafadhali.