Ati kutu ni "rangi ya chapati"! Yule wa duka la pembejeo kanimaliza leo

Wakuu, naandika nikiwa bado stendi, mikono inatetemeka, kwa hiyo msinisahihishe herufi.

Yule bwana mnamjua. Sitaji jina wala duka. Ana mwavuli mkubwa mlangoni na kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja iliyowahi kuandika risiti. Mwezi wa tatu nilimwambia nataka kujaribu ngano kule Munanila, kule juu kwenye baridi. Nataka mbegu inayozaa na isiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa fangasi wa ngano. Akanyanyua mfuko kama padri anayenyanyua sakramenti: "Mzee wangu, hii inatoka Nakuru. Gunia ishirini na tano kwa ekari. Kutu ikiiona inageuza njia."

Nikanunua ya ekari moja na nusu. Nikapanda kwa mistari na samadi nikaweka. Mke wangu akasema ngano hii inapaliliwa kuliko yeye anavyoangaliwa.

Juzi naingia shambani, suke ndiyo linatoka, naona shina zina vipele vyekundu vyekundu vimepasuka. Ukipita katikati ya mistari unatoka kama umeshinda unafyatua matofali. Mbwa wangu mweupe amekuwa wa kahawia.

Leo nikang'oa mashina matatu nikampelekea. Nilikuwa nimevaa shati jeupe kwa sababu nikitoka hapo naenda ukweni, tunaposa kwa ajili ya mtoto wa kaka. Duka limejaa watu. Akachukua shina, akalisugua kwa kidole, kidole kikawa chekundu. AKAKIFUTA KWENYE SHATI LANGU. Kifuani hapa. Kisha akacheka na wateja wake: "Hongera mzee, ngano inaiva hiyo. Hiyo ndiyo rangi ya chapati!"

Rangi ya chapati, wakuu!

Watu wakaangua kicheko. Hata kijana wa kubeba mizigo, ambaye mwaka jana nilimlipia nauli, alicheka mpaka akaegemea gunia la chumvi. Ukweni nimefika na alama ya kidole kifuani, baba mkwe akaniuliza kama nimetoka kupigwa muhuri. Mahari tumepandishiwa, nina hakika ni kwa sababu ya lile shati.

Hivi kuna ngano gani duniani inayoiva ikamwaga unga mwekundu? Rangi. Ya. Chapati.

Mgebuka_Mkavu:
Nimekaa paleee. Picha ya shati iko wapi? Uzi bila picha hauna ladha.

Mwanaheru:
Pole mkuu. Ila swali dogo: mihogo imekukosea nini? Maharage je? Kigoma nzima umekosa cha kupanda mpaka ukatafute chapati?

Punje_Tatu:
Mleta mada, hiyo ni kutu ya shina, wala usibishane na mtu. Ngano ikiiva hubadilika rangi yote, shina mpaka suke, na ukiisugua haiachi kitu kidoleni. Unga ule mwekundu ni mbegu za fangasi, upepo unazibeba mbali mno. Ile kutu maarufu, Ug99, iligunduliwa Uganda mwaka 1998, jina ikapewa 1999, na Tanzania ikathibitishwa 2009. Iliogopwa kwa sababu iliivunja Sr31, jeni ambayo ngano nyingi za dunia zilikuwa zinaitegemea kujikinga na kutu. Kwa hiyo mtu akikwambia mbegu yake "haishikwi na kutu" muulize: kutu ipi, na mwaka gani? Mbegu iliyohimili juzi inaweza kuangushwa na kutu iliyojigeuza jana.

Mleta mada:
Asante mwalimu, lakini mimi sikuuliza habari za Uganda. Mimi nauliza kwa nini alifuta kidole kwenye SHATI LANGU wakati suruali yake mwenyewe alikuwa nayo.

Kalamu_ya_Kasulu:
Mfuko ulikuwa na lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha mbegu?

Mleta mada:
Haukuwa na lebo. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kalamu_ya_Kasulu:
Uzi wa nyavu??

Mgebuka_Mkavu:
Umenunua mbegu kwenye mfuko ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, ulitegemea kuvua nini? 😂😂 Rudi ukamuulize kama ana ya dagaa.

Mama_Kakonko:
Mimi niliambiwa na huyo huyo kwamba ni "ngano chotara, usirudie mbegu, kila mwaka njoo kwangu". Shemeji yangu aliyesomea kilimo akacheka. Ngano inajichavusha yenyewe, ukipata mbegu safi unaweza kuchagua yako ukarudia misimu kadhaa. Chotara ni mahindi. Yeye kila kitu kwake chotara, hata jembe.

Punje_Tatu:
Kweli kabisa. Na mleta mada, mbegu za ngano zilizosajiliwa hapa nchini zipo: Juhudi, Sifa, Riziki, Chiriku, na nyingine. Ulizia TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Selian, Arusha, au Uyole kule Mbeya. Usiangalie mavuno peke yake. Angalia inakomaa kwa siku ngapi na kama inafaa mwinuko wako. Kule juu kwenye baridi kuna kutu ya manjano pia, inapanga mistari kwenye majani. Ukishuka kwenye joto na unyevu kuna mnyauko wa masuke, nao ni ugonjwa wa fangasi, ulioonekana Zambia, Mpika, msimu wa 2017/18. Suke linakuwa jeupe, ndani hamna kitu. Kwa sasa kama vipele bado vichache, wahi kupiga dawa ya fangasi yenye tebukonazoli.

Mleta mada:
Dawa anauza nani? Yeye. Niende tena nikapigwe muhuri mgongoni?

Mtemi_wa_Tumbaku:
Nyie Kigoma mnalia kwa shati. Njooni Tabora, mkulima analima tumbaku mwaka mzima, anakata kuni, anakausha usiku halali. Siku ya soko mteuzi anapita, anagusa jani sekunde mbili, anataja daraja ambalo hata wewe hujawahi kulisikia, anaondoka. Hata kukuambia rangi ya chapati hakuambii. Angalau wewe umeongeleshwa.

Mwanaheru:
Mtemi, huu ni uzi wa ngano.

Mtemi_wa_Tumbaku:
Ngano ipi? Ameshasema imekufa.

Bibi_Mawese:
Wanangu, nyote kaeni chini. Mleta mada kajua amepigwa ndani ya miezi mitatu, ashukuru Mungu. Mimi nilinunua miche ya mchikichi nikaambiwa ni Tenera, ile ya kokwa nyembamba na mafuta mengi. Nimepalilia, nimezungushia miiba, nimegombana na jirani mwenye mbuzi. Mwaka wa nne ndiyo tunda la kwanza. Napasua, kokwa nene kama goti la ngamia. Dura, ile ya kienyeji! Miaka minne nimelea Dura nikiiita Tenera, hata wajukuu nimewafundisha jina hilo.

Kalamu_ya_Kasulu:
Bibi shikamoo. Hiyo miche ilitoka wapi?

Bibi_Mawese:
Marahaba. Kijana mmoja aliokota mbegu chini ya mti wa Tenera wa watu, akaotesha.

Punje_Tatu:
Bibi, hapo ndipo kosa lilipo. Tenera ni mtoto wa Dura na Pisifera, ile isiyo na gamba la kokwa. Ukiokota mbegu chini ya Tenera si watoto wote wanafanana na mama, kama robo wanarudi kuwa Dura, na wengine Pisifera ambao wengi hawazai. Miche ya uhakika ungeulizia TARI Kihinga, ni hapa hapa Kigoma.

Bibi_Mawese:
Ungeniambia miaka minne iliyopita, mwanangu. Ulikuwa wapi?

Punje_Tatu:
Shule.

Mgebuka_Mkavu:
Bibi tumia hizo hizo Dura, mawese ni mawese. Kwani dumu la lita 20 Ujiji leo linaendaje?

Mama_Kakonko:
Limepanda. Na wanachanganya na maji siku hizi, ukikaangia migebuka yanaruka kama risasi.

Mtemi_wa_Tumbaku:
Mnitumie dumu mbili Tabora kwa treni, nitawapa asali ya miombo.

Bibi_Mawese:
Asali ya nyuki kweli, au ya sukari?

Mtemi_wa_Tumbaku:
Bibi usinitukane.

Mleta mada:
Jamani, na shati langu?

Mama_Kakonko:
Loweka na ndimu, anika juani. Bibi, dumu unauza bei gani wewe?

Bibi_Mawese:
Njoo inboksi.

Mleta mada:
Basi sawa. Mimi pia nina lita kumi za mawese safi, hazijachanganywa. Nani anachukua?