Tupeane uzoefu: kiasi cha upepo wa tairi katika mbio fupi dhidi ya saa

Mwanzisha mada, Nakuru

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulimaliza kwa kidole gumba, yaani kubonyeza tairi na kuridhika kwamba limekuwa gumu. Nazungumzia mbio fupi za baiskeli za mtu mmoja mmoja, za kilomita 10 hadi 20, ambamo humfuati mwenzako yeyote na kila sekunde inayopotea inabaki kwenye hesabu yako.

Nianze na yangu. Nina uzito wa kilo 70, natumia matairi ya milimita 25, na mazoezi yangu ni ya barabara ya Njoro, ambako lami ina sehemu laini na sehemu ambazo kokoto zimejitokeza juu. Nyuma naweka PSI 85 na mbele 80 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani ya tairi). Wenzangu wanaojaza hadi 110 huniambia kwamba tairi gumu hukimbia zaidi, na hoja hiyo ni ya kweli kwenye uwanja wa mbao wa mbio za baiskeli, ulio laini kabisa. Tairi linapokanyaga barabara hujikunja na kujikunjua, na sehemu ya nguvu zako hugeuka joto ndani ya mpira. Ukiongeza upepo, upotevu huo hupungua. Lakini juu ya lami yenye kokoto kuna kiwango ambacho ukikipita, gurudumu huacha kumeza vijiwe na kuanza kurukaruka, mtikisiko ukapanda hadi mikononi na mapajani, na nguvu zikapotea mwilini mwako mwenyewe. Upotevu huu wa pili huongezeka haraka kuliko ule wa kwanza, ndiyo maana mimi huona heri kukosea kidogo kwa upande wa chini kuliko wa juu.

Tafadhali kila atakayechangia ataje uzito wake, upana wa tairi, hali ya barabara, na jinsi alivyofikia kiwango chake.

Mchangiaji, Kisumu

Asante kwa mada hii. Mimi ni mwanamke wa kilo 58, matairi ya milimita 25, na nafanyia mazoezi barabara ya Ahero, ambako nyanda za Kano ni tambarare na mtu anaweza kushika mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kiwango changu ni 75 nyuma na 72 mbele.

Ninalotaka kuongeza ni suala la jua, ambalo kwetu huku si dogo. Tairi lililojazwa hadi PSI 90 alfajiri, hewa ikiwa na nyuzi 20, litafika takriban 97 iwapo hewa iliyo ndani itapanda hadi nyuzi 40, na baiskeli iliyoegeshwa juani kwenye lami kabla ya zamu kuitwa hufika huko bila taabu. Kwa hiyo mimi hupima mara ya mwisho karibu na mstari wa kuanzia, nikiwa nimeiweka baiskeli kivulini. Watu huniuliza pia kuhusu mwinuko ninapopanda kuja kwenu Nakuru: tofauti ya takriban mita 700 huongeza kwenye geji kiasi cha PSI moja tu, nami siigusi pampu kwa sababu hiyo.

Mchangiaji, Kakamega

Kilo 82, milimita 28, PSI 75 nyuma na 70 mbele. Kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na lami ikiwa imelowa napunguza PSI 5 pande zote mbili ili tairi lishike barabara kwenye kona ya kugeukia, ambapo mbio nyingi fupi huamuliwa.

Fundi wa baiskeli, Kisumu

Nawaomba mzingatie mambo matatu kabla ya kunakili namba za mwenzenu. Kwanza, upana ulioandikwa ubavuni si lazima uwe upana halisi, kwa kuwa tairi la milimita 25 likivalishwa rimu pana huweza kufika 27 au 28, na hapo linahitaji upepo mdogo zaidi. Pili, geji za pampu hazifanani. Chagueni moja mwitumie siku zote, hata kama inadanganya kidogo, kwa sababu angalau itadanganya kwa namna ileile. Tatu, na hili ni la usalama, rimu za kisasa zisizo na ndoano za kushikilia tairi zina kikomo cha bar 5, yaani takriban PSI 72, na kuzipitisha hapo kunaweza kulichomoa tairi ukiwa katika mwendo wa kasi.

Mchangiaji, Eldoret

Fundi, nashukuru kwa hilo la tatu, maana wauzaji wengi hawalisemi. Mimi nilifikia kiwango changu kwa kuteremka kilima kifupi kisicho na magari, bila kukanyaga pedali, nikiwa katika mkao uleule, kisha nikaweka alama pale baiskeli iliposimama na kurudia baada ya kupunguza PSI 5. Fanyeni hivyo asubuhi kukiwa kumetulia, kwani hata upepo mdogo unaovuma kutoka mbele huficha tofauti yote mnayoitafuta.

Mwanzisha mada, Nakuru

Dada wa Kisumu, nimeona kwamba pengo lako kati ya mbele na nyuma ni PSI 3 tu, ilhali langu ni 5. Je, unatumia vishikio vya kulalia viwiko? Mkao huo huhamishia uzito mwingi gurudumu la mbele, na nadhani ndio unaoeleza tofauti yetu. Wengine mnaotumia vishikio hivyo, tujulisheni namba zenu za mbele.