Mke ana mimba ya wiki 33, chembe sahani 64. Wachangiaji damu niwapeleke lini?

FundiTairi_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naomba mwenye uelewa anisaidie, wenye utani leo mnipishe.

Mke wangu ana mimba ya wiki 33, ni ya pili. Ya kwanza alijifungua salama, hakukuwa na lolote. Juzi kliniki wamempima FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu. Wingi wa damu 11.2, nikashusha pumzi. Nesi akateremsha kidole hadi chini ya karatasi: chembe sahani (platelets, zile zinazosaidia damu kuganda) 64, na pembeni pameandikwa kawaida ni 150 hadi 400. Akazungushia duara kwa kalamu nyekundu, akatuandikia rufaa, akasema "mjiandae na watu wa kuchangia." Basi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, hata pa kuuliza hapakuwepo.

Mwenyewe yuko poa. Anapika, anafua, ananigombeza kama kawaida. Ila ana alama ya bluu pajani na hakumbuki kujigonga popote.

Nyumbani sasa ni mvutano. Mama mkwe kaja kutoka Korogwe na fungu la majani ya mpapai, anasema ule mwaka wa dengue Dar ndiyo yaliyowainua watu. Jirani naye kila asubuhi analeta jagi la rozela. Nampa heshima mama, siwezi kumwambia aondoe majani yake jikoni bila kuwa na hoja.

Mimi nimeshaongea na vijana wa gereji, wote wako tayari. Mpango ni kesho asubuhi twende tukatoe kwa pamoja, ziwekwe kwenye friji zimsubiri hadi siku ya kujifungua. Niko sawa? Na kundi lake ni O hasi, hilo nalo lina shida?

KifunikoZambarau

Kaka, pole. Mimi ni mtu wa maabara, benki ya damu ndiyo ofisi yangu. Vijana wako waambie wafungue gereji kesho kama kawaida.

Chembe sahani hazikai kwenye friji. Zinakaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, juu ya kitu kinachozitikisa polepole usiku na mchana, na maisha yake ni siku 5 hivi. Kesho mkitoa, mpaka shemeji afike wiki ya 38 zimemwagwa zamani. Damu nyekundu, yaani chembe nyekundu, ndiyo inayokaa kwenye friji, na hiyo ni siku 35. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku pale dirishani kwangu.

Halafu kuna swali linalotangulia la wachangiaji: kwa nini ziko 64? Hilo ndilo la kwenda nalo rufaa. Kushuka kidogo ujauzito ukikomaa ni jambo la kawaida, kina mama kama 5 hadi 10 katika 100 wanakuwa chini ya 150 na baada ya kujifungua zinapanda zenyewe. Lakini hao wengi wako 100 na kitu. Kwenye 60 daktari lazima atafute sababu nyingine, akiisha kuhakikisha kwamba hiyo namba ni ya kweli.

Nasema ni ya kweli kwa sababu kile kichupa cha kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuna watu ambao dawa hiyo inafanya chembe sahani zao zishikane mafungumafungu. Mashine haihesabu fungu, inasoma kwamba ni chache. Mwombe daktari wapake damu kwenye kioo waitazame kwa darubini, na kama mafungu yapo wapime upya kwa kichupa cha kifuniko cha bluu. Nimeona mama kaja na 40 akiwa analia, kwenye bluu akarudi na 170.

Ikithibitika ni ya kweli, wataangalia presha, protini kwenye mkojo, na vipimo vya ini, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja na chembe sahani kushuka. Malaria na VVU navyo vinashusha. Na kuna ile ambayo kinga ya mwili wenyewe inazila. Shika kadi ya kliniki na majibu yote ya FBP ya nyuma, hata ya mimba ya kwanza. Kama miezi mitatu ya mwanzo alikuwa na 190, hadithi ni moja. Kama alikuwa na 80 tangu hapo, hadithi ni nyingine.

Akiumwa kichwa kisichotulia, macho yakiona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso kuvimba, fizi au pua kutoa damu, au vidoti vyekundu miguuni, hiyo si ya kusubiri tarehe ya rufaa. Nendeni saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane ya usiku.

MamaWawili_Mza

Dada yetu asiogope, mimi nimepita humo. Mimba yangu ya mwisho nilikuwa na 38 wiki ya 26. Nilianza kuona mswaki unatoka na damu, nikadhani ni fizi tu. Mimi kinga ilikuwa inazila.

Nilichojifunza ni kwamba aina yangu ile hawakimbilii kukuongezea. Niliuliza mbona hamniwekei? Daktari akaniambia wakiniwekea leo, mwili unazila nazo vilevile, ndani ya saa chache nimerudi pale pale. Kuongezwa ni kwa anayetoka damu au anayeingia kujifungua. Nilipewa prednisoloni. Zikapanda hadi 80 na kitu, uso ukavimba, hamu ya kula usiseme, na sukari na presha wakawa wananipima kila nikienda, maana hizo dawa zinapandisha.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida. Kwa kujifungua walitaka angalau 50, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni walisema angalau 70, ndiyo maana daktari wa usingizi aje kumwona mapema, asikutane na karatasi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mtoto walimpima kwa damu ya kitovu na wakarudia siku zilizofuata, kwa kuwa kwa aina hii hata yeye zinaweza kushuka.

Diklofenaki na brufeni asiguse, akiumwa anywe panadoli. Na mama mkwe mwambieni daktari ndiye kakataza, hapo hakuna atakayegombana. Majani ya mpapai kwa mjamzito hapana. Rozela nayo haipandishi hizo.

Mzee_wa_Kitonga

Kwani hospitali si wanazo? Mbona kila mgonjwa lazima aje na ukoo mzima?

KifunikoZambarau

Mzee, kitu cha siku 5 hakuna anayekirundika. Kwa njia ya kawaida kila mchangiaji damu yake inazungushwa kwenye mashine siku ile ile ili chembe sahani zijitenge, zinapatikana kidogo, na mtu mzima mmoja anahitaji mifuko ya watu kama 4 hadi 6. Pale penye mashine ya kuchuja, mtu mmoja anatosha: anakaa kwenye kiti saa moja hadi mbili, mashine inachukua chembe sahani na kumrudishia damu nyekundu. Midomo inaweza kumfa ganzi kidogo, anamwambia mhudumu, wanapunguza kasi. Si kila hospitali inayo, Fundi ulizia unakopelekwa.

Mfuko wenyewe ni wa njano, ukiuinua mbele ya taa na kuuzungusha taratibu unaona kama moshi unatembea ndani. Usipouona huo moshi, tunaanza kuutilia shaka.

Fundi, hiyo O hasi ndiyo kazi yako halisi. Chembe sahani za O chanya daktari anaweza kuzikubali ikibidi, na kuna sindano ya kumkinga baadaye, mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu chanya. Damu nyekundu ndiyo inayotakiwa hasi, na watu wenye hasi kwetu ni wachache. Anza na ndugu zake wa kuzaliwa. Akipatikana mmoja, kwa kuwa damu nyekundu inakaa siku 35, anaweza kutoa mapema kabla ya tarehe.

FundiTairi_Tabata

Wakuu, tumetoka rufaa. Darubini wamesema hakuna mafungu, kwa hiyo ni ya kweli, sasa iko 61. Presha 110/70, mkojo safi, ini safi, malaria hakuna. Kwenye kadi ya mimba ya kwanza nimekuta 98, wakati ule hakuna aliyetuambia kitu. Daktari alipoiona hiyo 98 akatikisa kichwa, akasema huenda ni ile ya MamaWawili. Kurudia kipimo kila wiki, dawa bado, wataanza wakikaribia tarehe. Kaka yake wa Muheza ni O hasi, anakuja.

Mama mkwe karidhika, majani kampa mbuzi wa jirani.

Swali la mwisho KifunikoZambarau. Kituo hiki mashine ipo, wanataka majina mawili ya kukaa tayari wiki ya kujifungua. Kijana wangu mwenye nguvu kuliko wote mgongo unamsumbua, anameza diklofenaki karibu kila siku. Na mwingine ni dada anayetuuzia chakula, ana watoto watatu, kajitolea mwenyewe.

KifunikoZambarau

Wa mgongo aache hizo dawa siku kadhaa kabla, na aspirini vilevile, kituo watamwambia siku ngapi. Zinafanya chembe sahani zisifanye kazi hata zikiwa nyingi. Kama hawezi kukaa bila hizo, tafuta mwingine.

Dada wa chakula mshukuru sana, lakini waliowahi kubeba mimba vituo vingi huwapima kwanza kinga fulani au huwaacha kwa chembe sahani, maana mimba huacha kinga zinazoweza kumdhuru mapafu anayepokea. Damu ya kawaida anaweza kuchangia akiwa na kilo 50 na wingi wa damu wa kutosha. Mwongeze kijana mmoja wa kiume asiyemeza dawa, na namba zao za simu ziandikwe kwenye jalada la shemeji, zisibaki kwenye simu yako tu.