Tununue droni ya kuzima moto wa misitu au tutapoteza hela? Naomba ushauri

Katibu wa Kikundi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa miti huku Mufindi, Iringa. Tuko wanachama 43, wengi tuna misindano, wachache mikaratusi, jumla kama ekari 310.

Mwaka jana mwezi wa kumi mtu alikuwa anaandaa shamba la mahindi bondeni, upepo ukageuka, moto ukapanda kwetu. Tulipambana nao mpaka saa moja usiku ukazimika. Watu wakarudi majumbani hoi, macho mekundu kwa moshi. Kesho yake saa saba mchana ukaamka tena kutoka kwenye kisiki, na pale hatukuwa tumeacha mtu. Ekari 64 ziliteketea, zikiwemo za mama mmoja mjane. Misindano yake ilikuwa na miaka 11, ndiyo aliyoitegemea kusomesha wanawe. Nikipita pale mpaka leo nageuza uso.

Sasa tumechanga milioni 9. Kuna muuzaji anatuambia droni ya kunyunyizia dawa, ile ya lita 40, ukiijaza maji inazima moto. Anataka tutangulize hizo milioni 9, zilizobaki tulipe kwa awamu. Wazee wameshakubali na kikao ni Jumamosi. Je, droni inazima moto kweli? Kama haizimi, ina kazi gani? Na kibali kinapatikanaje?

Rubani wa Ramani:
Katibu, pole wewe na mpe pole huyo mama. Narusha droni kwa kazi za ramani na za kunyunyizia, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokifanya kwa mikono yangu.

Msitangulize hata shilingi. Lita 40 ni ndoo mbili. Droni ile ikijaa inakaa angani chini ya dakika 10, inashuka, unabadili betri, unajaza maji, ndipo iruke tena. Moto wa nyasi kavu wenye upepo hauisubiri. Halafu pua zake zimetengenezwa zitoe ukungu mwembamba wa kutulia juu ya majani. Juu ya moto mkali ukungu huo unakuwa mvuke kabla haujagusa kinachoungua, na pangaboi zenyewe zinapulizia makaa.

Wamarekani wana droni nyingi kwenye moto wa misitu, ila kazi yake kubwa ni kuangalia, na wakati mwingine kuwasha. Ndiyo, kuwasha. Inabeba vitufe vya plastiki vyenye kemikali ya pamanganeti ya potasiamu, vinadungwa kemikali nyingine, glaikoli, wakati wa kuachiwa; mbili hizo zikikutana zinawaka, na vikishafika chini vinashika moto. Wanachoma majani mbele ya moto mkubwa ili ukifika ukose cha kula. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, kikundi cha kijiji kisijaribu.

Lakini nimesoma mara mbili pale uliposema moto uliamka kutoka kwenye kisiki. Hapo ndipo droni ingewasaidia. Ziko ndogo, hazifiki hata kilo moja, zenye kamera ya joto. Moto mkishauzima, mnairusha usiku au alfajiri kabla jua halijachomoza. Kisiki chenye makaa kinaonekana kama nukta nyeupe kwenye kioo. Unasoma kwenye ramani mahali nukta ilipo, unamtuma kijana na jembe na bomba la mgongoni. Mchana msitegemee sana, maana jua likiwaka mawe na udongo mtupu navyo vinang'aa, utakimbizana na mawe.

Mpya ya aina hiyo pamoja na betri za ziada, milioni 9 haitoshi. Kuhusu kibali, ziko kanuni za mwaka 2018. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ndiyo inayosajili na kutoa kibali, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Si jambo la wiki moja. Kwa msimu huu ningewashauri mtafute mtu mwenye kibali tayari, muingie naye mkataba wa kuitwa moto ukitokea.

Mzee wa Mnara:
Nimefanya kazi ya moto kwenye mashamba ya miti miaka mingi, mingine juu ya mnara, tunatazama moshi kwa macho na redio mkononi. Katibu, usinielewe vibaya, napenda vijana mnavyofikiri vifaa vipya. Ila nikuulize: fayabreki zenu, yaani zile njia zilizosafishwa nyasi ili moto usivuke, zina upana gani, na mara ya mwisho mlizisafisha lini?

Kilichowaunguza mwaka jana ni kuondoka usiku. Moto ukizimwa, kazi nusu bado. Unazunguka ukingo wote wa palipoungua, mita 20 kuingia ndani. Kila gogo unaligeuza. Kila kisiki unakifukua mizizi, unamwaga maji, unakoroga udongo mpaka uwe tope, kisha unasogeza mgongo wa mkono kuhisi kama bado kuna joto. Mizizi ya msindano inatunza moto chini kwa chini siku kadhaa bila moshi. Saa saba, saa nane mchana, jua kali, hewa kavu, upepo umepanda, unatoka. Ndiyo saa ile ile uliyoitaja. Unaacha walinzi wa zamu siku tatu, wasipungue wanne, na maji.

Kijana wa Marangu:
Shikamoo mzee. Unayosema niliyaona Kilimanjaro 2020. Moto ulianza tarehe 11 Oktoba pale Whona, katikati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, ukala kama kilomita za mraba 95. Nilipanda na wenzangu kujitolea. Kule juu ni vichaka, na chini yake kuna tabaka nene la mizizi na majani yaliyooza. Tunazima hapa, tunasogea, tukigeuka nyuma moshi unatoka tulipopita. Tungekuwa na jicho la kuona joto chini ya majivu tungeokoa nguvu nyingi sana. Tulikuwa tunakanyaga huku na huku tukibahatisha.

Katibu, namuunga mkono Rubani. Jicho, si bomba.

Mama Mikaratusi:
Milioni 9 nunueni mabomba ya mgongoni 20, mapigio ya moto, reki, buti, na pikipiki moja ya kijana wa doria. Droni mtu mmoja anaiendesha, 42 wanaangalia.

Katibu wa Kikundi:
Nawashukuru sana. Mzee, fayabreki tunazo lakini kweli nyasi zimeziba, mita nne hivi. Mama, nimekuelewa. Swali: hiyo doria itajuaje moto umeanza upande wa pili wa mlima? Mnara hatuna.

Rubani wa Ramani:
Kuna kitu cha bure. NASA wana mfumo unaitwa FIRMS. Unachora eneo lako kwenye ramani, unaacha baruapepe, setilaiti ikiona moto unaletewa taarifa. Setilaiti zenye kifaa cha kuona joto kinachoitwa VIIRS zinaonyesha moto kama doa, kila doa ni eneo la mita 375 kila upande, na zinapita kwenye saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Taarifa inaweza kuchelewa kwa muda wa saa tatu hivi, kwa hiyo isiwe tegemeo peke yake, na kisiki kinachofuka hazikioni. Moto wa jirani unaokuja polepole zinauona.

Mbali na Nyumbani:
Nipo California. Jambo moja kabla hamjaanza kurusha: Januari 2025, kwenye moto wa Palisades huku Los Angeles, droni ya mtu binafsi iligonga ndege ya kuzima moto ikatoboa bawa. Ndege ile inabeba maji zaidi ya lita 6,000 kwa safari, ikalala chini siku kadhaa huku nyumba zinaungua. Droni yenyewe ni ya kuenea kiganjani. Helikopta ikija kwenu, hata ya kuangalia tu, yenu ishuke mara moja. Mwandike kabisa kwenye sheria za kikundi.

Mzee wa Mnara:
Katibu, mita nne haitoshi. Kabla nyasi hazijakauka anzeni kukwatua, upande unaotoka upepo uwe mpana zaidi, angalau mita 10. Na namba ya zimamoto, 114, kila mwanachama awe nayo, pamoja na za viongozi wa vijiji jirani. Mwenye kuchoma shamba aje kusema kabla.

Katibu wa Kikundi:
Nimepanga hivi kwa kikao: muuzaji tunamwambia hapana. Mabomba 15 na zana, kusafisha fayabreki, na fungu la kumuita mwenye droni ya kamera ya joto moto ukitokea. Rubani, nimekutumia ujumbe pembeni.

Mama Mikaratusi:
Weka na fungu la chakula cha walinzi wa zamu ya usiku. Mwaka jana wangelala pale kama wangekuwa na chai na blanketi.

Katibu wa Kikundi:
Nimeliongeza. Siku tatu, watu wanne.