Naomba ushauri: modeli ya kupanga mitambo ya stima inakesha bila jibu

Hamjambo wadau, niko Kisumu na nimekwama, naomba wenye ujuzi wa hesabu za stima mnishike mkono.

Natengeneza modeli ya kuamua ni mitambo gani iwake na ipi izimwe kwa masaa 24, gharama iwe ya chini. Nimeweka mitambo ya maji ya Sondu Miriu, megawati (MW) 60, na Sang'oro MW 21, na hapa kuna utamu wake maana Sang'oro inatumia maji yaleyale yanayotoka Sondu, kwa hivyo ukizima ya juu, ya chini nayo inalala. Halafu kuna mvuke wa Olkaria na jenereta za mafuta.

Nilianza na linia tupu, yaani hesabu ya milinganyo ya mstari ulionyooka isiyo na uamuzi wa kuwasha au kuzima, ikamaliza kwa sekunde, lakini ikaniambia jenereta ya mafuta iende MW 2 wakati jenereta hiyo ikiwaka haiwezi kushuka chini ya MW 12, yaani upuzi. Nikaongeza vigeuzi vya 0 na 1 vya kuwasha na kuzima, sasa laptopu inavuma feni usiku kucha, asubuhi naikuta pengo (tofauti kati ya gharama ya mpango bora uliopatikana na gharama ya chini kabisa inayowezekana kihesabu) bado ni asilimia 3. Nimejaribu kupunguza masaa yakawa 12, ikamaliza, lakini mpango wa jioni watu wakiwasha taa ukapotea.

Maswali ni mawili tu. Ile namba kubwa ya kufungia mtambo uliozimwa (umeme wa mtambo usizidi namba hiyo mara kigeuzi chake cha 0 au 1) nimeweka 10000 kwa wote, nikiweka uwezo wa kila mtambo wenyewe itasaidia kweli? Na nikisimamisha kwenye pengo la asilimia 1, msimamizi wangu atalikubali ama atanirudisha?